Mpaka uko wapi? Kaukazi kwenye vitabu vya wanajiografia wa Kiislamu

Assalamu aleikum warahmatullah, na wengine wote habari za jioni. Kuna kijana kaniuliza pale mlangoni, mzee Kaukazi ndo wapi, na nikaona hilo ndo swali la kuanzia maana nusu ya ukumbi mlikuwa mnalo ila mmenyamaza. Kaukazi ni ile ardhi kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, leo ziko nchi tatu pale, Georgia, Armenia na Azerbaijan, kusini yake Iran na Uturuki, kaskazini Urusi kwa upande wa Dagestan na Chechnya. Milima mirefu imepita katikati, na kusini ya milima kuna mito miwili mtaisikia sana leo, mto Kura ambao Waarabu waliuita al-Kurr, na mto Aras ambao wao waliuita al-Rass.

Sasa kwa nini tuongelee mipaka ya huko. Kwa sababu watu wa huko wanagombana mpaka leo, na kwenye ugomvi wao utashangaa mashahidi wanaoitwa ni nani, ni wanajiografia wetu wa karne ya 9, ya 10, ya 13. Huyu anakuja na al-Istakhri, yule anajibu kwa Yaqut, wa tatu anasema subirini nina al-Baladhuri. Kila mmoja ana nukuu yake, nukuu ni ya kweli kabisa haijaghushiwa, na bado hawasikilizani. Mi nimesoma vitabu hivi muda mrefu na naona tatizo haliko kwenye nukuu, liko kwenye swali. Wale wazee hawakuwa wakijibu swali tunalowauliza sisi. Sisi tunauliza mstari umepita wapi, wao walikuwa wanajibu msafara unalala wapi na kodi inapelekwa kwa nani.

Tuwataje kidogo ili tujue tunaongea na kina nani. Ibn Khurradadhbih, karne ya 9, huyu alikuwa mkuu wa posta na habari wa dola la Abbasi katika mkoa wa Jibal, kwaiyo kitabu chake ni cha mtu wa ofisi, njia na vituo. Al-Baladhuri aliyefariki 892 ni mwanahistoria wa futuhi, yaani namna Waislamu walivyoziteka nchi. Halafu wanakuja mabwana wa ramani wa karne ya 10, al-Istakhri, na Ibn Hawqal aliyechukua kitabu cha al-Istakhri akakipanua na kukisahihisha, kisha al-Muqaddasi mtu wa Baitul Muqaddas aliyeandika karibu mwaka 985. Na al-Masudi, huyu tunamjua sisi watu wa pwani, ndiye aliyesafiri mpaka Qanbalu, ambako wanahistoria wengi wanasema ni Pemba, na safari yake ya mwisho kutoka huko kurudi Oman ilikuwa mwaka 304 wa Hijra, yaani 916 au 917. Mtu huyo huyo alipanda chombo kwenye Bahari ya Kaspi. Fikiria hiyo, macho yale yale yaliyoona bahari ya Zanj yakaona na milima ya Kaukazi. Na wa mwisho Yaqut al-Hamawi, aliyefariki 1229, mwenye kamusi kubwa ya miji.

Haya. Kwenye vitabu hivi vyote eneo la kusini ya milima lina majina matatu: Arminiya, Arran na Adharbayjan. Arran kwa kukadiria ni ile ardhi ya mto Kura na jirani zake, mji wake mkuu Bardha'a. Arminiya mji wake mkuu Dabil, Waarmenia wanauita Dvin. Adharbayjan iko kusini, mji wake mkuu Ardabil. Mpaka hapo kila mtu anakubali, mnaona rahisi eh? Ngoja.

Al-Istakhri akifika kwenye sehemu hii anasema waziwazi kwamba Arminiya, Arran na Adharbayjan amezikusanya kwenye ramani moja na kuzifanya iqlim moja, yaani eneo moja kubwa. Basi, ramani moja. Ibn Hawqal anakuja baada yake anafanya vile vile ila yeye anatupa na sababu, na sababu yake ndo ufunguo wa mazungumzo yangu yote ya leo, anasema ni kwa sababu ni ufalme wa mtu mmoja kwa jinsi alivyoshuhudia umri wake wote. Anawataja na watawala wenyewe, mwana wa Abu al-Saj, Muflih, Daysam, kisha Marzuban mwana wa Muhammad. Hasemi watu ni wamoja wala lugha ni moja, hasemi ardhi ni moja. Anasema bosi ni mmoja. Bosi akiwa mmoja, ukurasa unakuwa mmoja.

Na huyo Marzuban, Ibn Hawqal anatupa orodha ya hesabu zake za mwaka 344 wa Hijra, yaani 955 hivi, wafalme na machifu wa eneo lile kila mtu na fungu lake. Sharwanshah, yule mtawala wa Sharwan kule karibu na Kaspi, dirham 1,000,000. Wamo mabwana wa Kiarmenia, yumo bwana wa Shakki, wamo Waislamu wamo Wakristo. Sasa we niambie, ule ukurasa wa hesabu ni ramani au sio ramani? Kwangu mimi ni ramani kuliko ile iliyochorwa kwa rangi. Inakuonyesha mkono wa Marzuban ulifika wapi mwaka ule, na mwaka unaofuata ukifupika, ramani nayo imefupika.

Turudi kwenye mito maana hapo ndo nukuu zinapopiganishwa. Yaqut kwenye neno Arran anasema hivi, nafupisha, kati ya Adharbayjan na Arran kuna mto unaitwa al-Rass, ng'ambo ya kaskazini na magharibi ni Arran, upande wa pili ni Adharbayjan. Safi kabisa, mto ndo mpaka, mtu anafunga kitabu anaenda kumshinda mwenzake. Ila mwenzake naye anacho kitabu hicho hicho cha Yaqut, anafungua neno Adharbayjan, anakuta Yaqut anasema mpaka wa Adharbayjan ni kuanzia Bardha'a upande wa mashariki mpaka Arzanjan upande wa magharibi. Bardha'a! Bardha'a iko kaskazini ya al-Rass, ni mji mkuu wa Arran hiyo hiyo, na Arzanjan leo ni Erzincan, iko ndani Uturuki. Mtu mmoja, kitabu kimoja, kurasa chache tu kati yake. Tena anaongeza eti kaskazini inapakana na Daylam na Jil, yaani Gilan, na ukifungua ramani ya leo Gilan utaiona mashariki, wala siyo kaskazini.

Kuna wanaosema Yaqut alichanganyikiwa. Mimi naona hapana, Yaqut alikuwa mkusanyaji, anachukua maneno ya watu wa zamani tofauti anayapanga kwa herufi, na watu wa zamani tofauti walikuwa wanaishi chini ya watawala tofauti. Kuna wakati gavana mmoja wa khalifa alishika Arminiya, Arran na Adharbayjan zote, kwaiyo mtu wa Baghdad akisema Adharbayjan au Arminiya anaweza kuwa anamaanisha eneo zima la kazi ya yule gavana, na kuna wakati anamaanisha kipande kile cha kusini peke yake.

Mfano mwingine ambao mimi huwa unanifurahisha, miji ya Khoy, Salmas na Urmiya. Kwa al-Istakhri hii ni miji ya Adharbayjan. Al-Muqaddasi, miongo michache tu baadae, anaiweka Arminiya, anaongeza hata Marand na Maragha. Na al-Muqaddasi si mtu wa kuropoka, ni mtu wa mpangilio kupita wote, kila iqlim anaitaka iwe na mikoa, mkoa uwe na mji mkuu, mji mkuu uwe na miji yake, hataki kubakiwa na kitu mkononi. Eneo lote lile analiita iqlim ya al-Rihab, halafu anaigawa mara tatu. Arran anasema ni kama theluthi moja ya iqlim, na iko mfano wa kisiwa kati ya bahari ya Kaspi na mto al-Rass, na mto mwingine unaikata kwa urefu. Maelezo mazuri sana yale, mtu unaliona eneo. Ila miji alivyoigawa ni kwa hesabu yake mwenyewe, na mtu wa Khoy aliyeamka asubuhi ile wala hakujua kwamba amehamishwa mkoa na bwana mmoja wa kutoka Palestina.

Kabla yao wote al-Baladhuri alikuta mgawanyo mwingine kabisa, Arminiya nne. Ya kwanza ina Sisajan, Arran na Tiflis. Ya pili ina Dabil na Busfurrajan na jirani zake. Ya tatu Qaliqala, Khilat, Arjish. Ya nne Shimshat. Hapo Arran yote imemezwa ndani ya Arminiya, na Tiflis nayo, ambayo leo ni Tbilisi mji mkuu wa Georgia. Mgawanyo wa namba namna hii ni urithi wa Warumi wa Konstantinopoli na Waajemi, madola ya kabla ya Uislamu yaliyokuwa yakigawana eneo lile, Waarabu wameukuta ofisini. Na ninachompendea al-Baladhuri, anataja watu wa huko huko waliomsimulia, mmojawapo mtu wa Bardha'a, halafu akimaliza kuhesabu anasema, na pia husemwa, anatoa hesabu ya pili tofauti! Anakuachia zote mbili. Wanaomnukuu leo wanachagua moja, ile ya pili wanaificha mfukoni.

Tiflis yenyewe ukiifuata inachekesha. Al-Baladhuri anaihesabu Arminiya. Al-Istakhri anasema hakuna miji mikubwa Arran kuliko Bardha'a, al-Bab ambayo leo ni Derbent, na Tiflis, kwaiyo ni Arran. Na Ibn Khurradadhbih anamtaja mtawala wake Ishaq bin Ismail kwa maneno haya, bwana wa Arminiya naye yuko Tiflis. Mwaka 853 jeshi la khalifa chini ya Bugha likaja likauchoma mji na Ishaq akauawa, na mwaka 1122 mfalme Daudi wa nne wa Georgia akauchukua, na tangu hapo ukawa mji wa wafalme wa Georgia.

Sasa njia. Mkitaka kuona mpaka unavyoishi msiende kwenye sentensi za mpaka, nendeni kwenye orodha za njia. Kutoka Bardha'a kwenda Ardabil al-Istakhri anakutajia kama konda wa basi la mkoani: Bardha'a mpaka Yunan farsakhi 7, Yunan mpaka Baylaqan 7, Baylaqan mpaka Warthan 7, Warthan mpaka Balkhab 7, kisha Barzand 7, kisha Ardabil 15. Farsakhi moja weka kama kilomita 6, kwaiyo kila kipande cha farsakhi 7 ni kama siku ya mwendo na mizigo. Na ndani ya orodha hiyo Warthan iko palepale kwenye mto al-Rass, na Ibn Khurradadhbih akifika hapo anasema kwa ufupi, huu ndo mwisho wa kazi ya Adharbayjan. Kazi, yaani eneo la ofisi. Mpaka hapo ni mji wenye watu na mahali pa kulisha nyumbu, mtu wa posta anajua akipita hapo barua inaingia kwenye hesabu ya gavana mwingine.

Niwapeleke Bardha'a kidogo, mtanisamehe, maana ni mji ninaoupenda na hakuna anayeuongelea. Al-Istakhri anausifu mpaka basi. Karibu na mji, chini ya farsakhi moja, kuna mahali panaitwa Andarab, bustani zimeshikana zaidi ya mwendo wa siku kwa siku. Hariri inatoka huko inakwenda mpaka Fars na Khuzistan, na miti ya forosadi ya kulishia wale wadudu wa hariri haina mwenyewe, yeyote anachuma. Samaki kutoka mto Kura, anaitwa surmahi, wanamtia chumvi wanampeleka Ardabil, Rayy mpaka Iraq. Hazina ya serikali iko ndani ya msikiti wa ijumaa, kwa desturi ya Sham, na mlango wake wa chuma. Na nje ya mji kwenye Lango la Wakurdi kuna soko la kila Jumapili linaitwa al-Kurki, ukubwa wake farsakhi kwa farsakhi, watu wanakuja mpaka kutoka Iraq. Soko la Jumapili, jina lake lina asili ya Kigiriki, nje ya lango la Wakurdi, kwenye mji wa Waislamu, katikati ya Wakristo wa Arran na Armenia! Wewe mwenye kalamu ya rangi nyekundu njoo uchore mstari katikati ya soko lile nikuone.

Mwaka 332 wa Hijra, 943, Warus, wale watu wa boti kutoka kaskazini, wakapanda mto Kura wakauteka mji, na Ibn Hawqal anapouandika anauandika kama mji ulioumizwa. Polepole mji wa Ganja ukachukua nafasi yake. Na mji mkuu ukihama, unajua nini kinafuata, umbali wote unaanza kupimwa kutoka sehemu nyingine.

Upande mmoja tu ndo wazee hawa wote wanaongea kama kuna ukuta kweli, kwa sababu ukuta ulikuwepo. Kaskazini, mji wa Bab al-Abwab, yaani Mlango wa Milango, leo unaitwa Derbent, pale milima inapoikaribia bahari ya Kaspi na kuacha njia nyembamba. Mfalme wa Waajemi Khusraw Anushirwan, karne ya 6, aliziba njia ile kwa ukuta wa mawe ukaingia mpaka baharini, ukapanda mpaka milimani, kuzuia watu wa nyika kama Khazari baadae. Al-Masudi anasema ukuta ulienda milimani farsakhi 40, ambayo ni zaidi ya kilomita 200, hapo aliyemsimulia alitia chumvi maana ukuta wa milimani uliopimwa ni kama kilomita 40. Ila jambo lenyewe ni kweli, ngome baada ya ngome, na anasema kwenye kila mlango waliwekwa watu waishi hapo walinde sehemu yao. Na upande wa milimani anasema kuna mataifa 72, kila taifa na mfalme wake na lugha yake. Hiyo 72 msiihesabu kwa vidole, ni namba ya kusema wengi, lakini nenda Dagestan leo uhesabu lugha ndo utajua hakuwa anatania.

Na hata ukuta ule ulikuwa una milango, ndo maana ukaitwa hivo. Kuna kisa Ibn Khurradadhbih alikisikia kwa mwenyewe, Sallam mkalimani. Khalifa al-Wathiq, aliyetawala 842 mpaka 847, aliota kwamba ile sedi, yaani ukuta, aliyojenga Dhulqarnain kati yetu na Yajuj na Majuj imefunguka, nyinyi mnaosoma Suratul Kahf kila ijumaa mnaijua. Akamtuma Sallam na watu 50 wakaangalie. Tuache walichokiona mwisho wa safari, hapo kila mtu na imani yake, mimi nataka mtazame walivyopita Kaukazi. Khalifa anaandika barua kwa bwana wa Tiflis. Bwana wa Tiflis anawaandikia barua kwa bwana wa Sarir, ufalme wa milimani. Wa Sarir anaandika kwa mfalme wa Alani. Wa Alani kwa Filanshah, mtawala mwingine wa huko. Filanshah anaandika kwa mkubwa wa Khazari. Mnaona? Mtu wa Baghdad barua yake inaishia nguvu pale Tiflis, kuanzia hapo unahitaji sahihi ya mwingine, na mwingine, na mwingine. Ukinilazimisha nikuonyeshe mpaka wa dola la Abbasi upande wa kaskazini mwaka ule, nitakuonyesha pale barua ilipobadilishwa.

Na sasa hii ya leo. Mto Aras kuwa mpaka wa kimataifa ulivyo, sehemu kubwa imetokana na mikataba ya Urusi na Iran, Gulistan mwaka 1813 na Turkmenchay mwaka 1828, mabwana wawili wa nguvu wamekaa mezani baada ya vita. Jamhuri yenye jina Azerbaijan kaskazini ya mto imetangazwa 1918. Sasa mtu akichukua al-Istakhri kusema jina hilo halikustahili kuvuka mto, au akachukua ile sentensi ya Bardha'a na Arzanjan kusema lilikuwa kaskazini siku zote, au akachukua Arminiya nne za al-Baladhuri akadai kila mji uliomo, wote watatu wanamfanya mzee wa zamani zile kuwa wakili wa kesi iliyofunguliwa karne ya 19. Mzee Ibn Hawqal alishasema, nimeziweka pamoja kwa sababu mtawala ni mmoja. Hakuficha.

Hii haina maana hawana faida kwenye historia ya mipaka, msinielewe vibaya. Wana faida kubwa, ila uwasome kwa tarehe. Uulize huyu ameandika mwaka gani, nani alikuwa anakusanya kodi Bardha'a mwaka huo, ameona kwa macho au amenakili, maana Ibn Hawqal alifika huko ila yule mwandishi wa Kiajemi wa *Hudud al-Alam*, mwaka 982, aliandikia kitabu chake Guzgan, leo ni Afghanistan, na yeye pia kazitia nchi zote tatu kwenye mlango mmoja. Al-Masudi alipobishana na waliodai bahari ya Kaspi imeungana na Bahari Nyeusi, hoja yake ilikuwa kwamba amepanda chombo mwenyewe kutoka bandari ya Abaskun, na hakuacha mfanyabiashara wa bahari ile bila kumuuliza. Huyo ukimnukuu unajua unanukuu nini.

Kuna maswali nimeyaona yameandikwa, nitajibu moja maana muda umekwisha. Ndugu kauliza ile miji leo iko nchi gani. Bardha'a ipo, inaitwa Barda, iko Azerbaijan. Ganja pia Azerbaijan. Dabil ni magofu, yako Armenia kusini ya Yerevan. Ardabil iko Iran, na Khoy na Urmiya pia Iran. Khilat ni Ahlat, iko Uturuki kwenye ziwa Van. Qaliqala ni Erzurum, Uturuki. Tiflis Georgia. Na Bab al-Abwab iko Urusi, ukuta wake umesimama mpaka leo, UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2003, kwaiyo iqlim moja ya al-Istakhri leo inahitaji viza za nchi sita, na mwenye uwezo aende, aanzie Derbent ashuke kusini.